Honda XR150L Chalbi na Turkana: pikipiki ya msafiri wa peke yake

Kwa mtu anayesafiri peke yake kutoka Isiolo hadi Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, kupitia Marsabit, Maikona, Kalacha na North Horr, Honda XR150L ndiyo pikipiki ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, na sababu kubwa ni uzito. Ina kilo 129 hivi. Ikilala mchangani na mizigo yake, mtu mzima wa kawaida anaiinua mwenyewe, hata kama ana kiu na jua la saa nane limemsimamia kichwani. Royal Enfield Himalayan ya cc 411, ambayo wengi huitamani kwa safari hii, inakaribia kilo 200. Ni pikipiki nzuri mno kwenye lami ya Moyale, ina tangi la lita 15 na gurudumu la mbele la inchi 21 linalopenda mchanga. Lakini kilo 70 za ziada zina maana yake mahali ambapo gari linalokufuata huenda likapita kesho.

Injini ya XR ni ya cc 149, inapozwa kwa hewa, inatumia kabureta na ina gia tano. Nguvu zake ni farasi 12 hivi, na kwa njia hii zinatosha. Kukosa rejeta ni faida: hakuna jiwe litakaloitoboa ukabaki na injini inayochemka katikati ya jangwa la Chalbi. Petroli inashuka yenyewe kutoka kwenye tangi, kwa hiyo hakuna pampu ya umeme ya kuuawa na petroli chafu. Mbali na stata, toleo linalouzwa sana huku lina kiki pia. Hakikisha unanunua lenye kiki, kwa sababu betri ndogo hazivumilii joto la nyuzi 38 na 40 siku baada ya siku.

Fundi wa boda boda wa Laisamis au North Horr ambaye hajawahi kuishika XR ataielewa kwa dakika chache. Kabureta, plagi, cheni na waya wa klachi ni mambo anayoyashika kila siku kwenye Boxer na TVS. Spea ndizo shida. Ukishapita Isiolo usitegemee kupata padi za breki za XR, waya wake wa klachi, mikono ya klachi na breki, wala tyubu ya mbele. Vyote vitoke nawe nyumbani. Waya wa klachi wa akiba upitishe kabisa sambamba na ule unaotumika, uufunge kwa tepu; wa kwanza ukikatika unabadilisha ncha mbili tu bila kulitoa tangi. Na vishikio vya ile mikono kwenye usukani usivikaze mpaka mwisho. Viache viweze kuzunguka vikisukumwa kwa nguvu, ili pikipiki ikianguka mkono ugeuke badala ya kuvunjika.

Lami haina mengi. Isiolo hadi mto Merille ni kilomita 136, na kutoka hapo hadi Marsabit ni nyingine 121 hivi. XR inatembea kwa raha kwenye 80. Ukiilazimisha 100 kwa saa nzima inatetemeka, inakunywa petroli na inaanza kupunguza oili. Injini hii inabeba oili ya lita moja hivi, kwa hiyo ikipungua robo lita umepoteza sehemu kubwa. Pima kila asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa wima. Ukipima imeegemea stendi ya pembeni, kipimo kinadanganya. Beba nusu lita ya akiba. Kiti ni chembamba na kigumu, na baada ya saa mbili makalio yanakufa ganzi. Ngozi ya kondoo iliyofungwa juu yake inasaidia kuliko mito ya kisasa. Taa ya mbele ni dhaifu kabisa. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana ngamia hulala kwenye lami yenye joto na rangi yao haionekani gizani.

Kuhusu hifadhi, hapa ndipo wengi hupanga vibaya. Samburu, Buffalo Springs na Shaba ziko jirani na Archer's Post. A2 yenyewe, barabara kuu ya Isiolo kwenda Moyale, inakatiza hifadhi ya Losai, na Marsabit ina msitu wake na Ziwa Paradise. Pikipiki haziruhusiwi kuzunguka ndani ya hifadhi zenye simba, nyati na tembo, na sheria hiyo ni ya haki. Panga kuiacha XR kwenye hoteli yenye ua na mlinzi, ukodi gari la siku moja. Malipo ya hifadhi zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo yamalize ukiwa mjini penye mtandao. Kisiwa cha Kusini cha Ziwa Turkana kinafikiwa kwa boti kutoka Loiyangalani, hivyo pikipiki inabaki nchi kavu. Hifadhi ya Sibiloi, ambayo pamoja na Kisiwa cha Kati iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997, kile cha Kusini kikiongezwa 2001, ni safari nyingine kabisa: zungumza na KWS kwanza kuhusu pikipiki, na usiende bila gari la kukusindikiza. Jangwa lenyewe lililo kati ya hifadhi hizi halina geti, na ndilo XR imelifaa.

Sasa petroli. Tangi ni lita 12, na hapa ndipo XR inapobana. Kwenye lami, kwa mwendo wa 80, inatoa kilomita 35 hadi 40 kwa lita. Kwenye mchanga, ukiwa gia ya pili na ya tatu muda mwingi, piga hesabu ya 25. Marsabit hadi Loiyangalani kwa kupitia North Horr ni karibu kilomita 280. Gawanya: lita 11 na kitu. Yaani tangi zima, bila akiba ya kupotea njia, kuzunguka tope au kurudi nyuma. Beba lita tano za ziada. Mtungi uwe wa plastiki nene au bati, usijazwe hadi mdomoni, na ufungwe chini ubavuni badala ya juu ya keria. Kilo nne zilizokaa juu nyuma ya gurudumu zinaifanya mbele iwe nyepesi, nayo mbele nyepesi kwenye mchanga inatangatanga. Mara tu tangi linapokuwa na nafasi ya lita tano, simama kivulini, legeza kizibo cha mtungi polepole hewa itoke, uimimine yote. Hakuna sababu ya kuendelea kuibeba pembeni.

Baada ya Marsabit hakuna kituo cha kutegemea, ila Maikona, North Horr na Loiyangalani kuna maduka yanayouza petroli ya chupa na mitungi. Bei iko juu kwa sababu imesafirishwa kwa lori juu ya mawe, na mwenye duka hakuonei. Kabla ya kumimina, itie kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uiache itulie dakika tano hadi kumi. Kama ina maji, yatajikusanya chini na utauona mstari. Chuja kwa kitambaa chepesi kilichofumwa karibu. Pikipiki ikianza kukohoa baada ya kujaza, zima, funga koki ya petroli, kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta nusu mzunguko. Acha vijiko viwili vitatu vitoke na maji yake, kaza, fungua koki, subiri kidogo, washa. Mara nyingi hiyo ndiyo dawa yote. Angalia pia kwamba hukuondoka na koki ikiwa kwenye akiba, maana ukifanya hivyo hutapata onyo lolote kabla ya injini kuzima.

Tairi ndizo zitakazoamua kama utafika. Zinazokuja na XR ni za mchanganyiko, 90/90-19 mbele na 110/90-17 nyuma, zenye tyubu. Zinafaa murram, mchangani hazishiki. Ukiwa Nairobi weka zenye meno marefu zaidi, hasa mbele. Kwenye lami tumia psi 25 mbele na 28 nyuma. Ukiingia mawe meusi ya volkeno yanayozunguka mlima Marsabit na kuteremka kuelekea Maikona, shuka hadi 22 au 24, usishuke zaidi: tairi laini juu ya jiwe lenye makali inabanwa hadi rimu, na tyubu inatoka na matundu mawili yanayoangaliana. Mchanga mzito unataka 16 hadi 18. Chini ya hapo, kwa kuwa rimu za XR hazina kibano cha kuishika tairi, ukivuta mafuta tairi inateleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu, na mdomo wa valvu unang'oka. Tundu la aina hiyo halizibiki. Ndiyo maana nati ndogo ya valvu haitakiwi kukazwa dhidi ya rimu. Ipandishe juu, karibu na kofia. Valvu ikianza kuegemea upande, umepata onyo, ongeza upepo.

Ukipata pancha, usikimbilie kubandika. Toa gurudumu na uweke tyubu nzima ya akiba, ile iliyotoboka utaiziba jioni ukiwa umetulia. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba wa mgunga hukatika ndani, na kitambaa kitanasa pale vidole visipohisi. Tandika shuka au turubai chini, kwa sababu punje za mchanga zikibaki kati ya tyubu na tairi zinaisaga taratibu na pancha ya pili itakuja kesho yake. Tia upepo kidogo kwenye tyubu ishike umbo kabla ya kuirudisha tairi, na ule upande wa mwisho uumalizie penye valvu huku ukiisukuma valvu ndani kwa kidole gumba. Watu wengi huitoboa tyubu mpya kwa chuma chao wenyewe katika hatua hiyo. Kibandiko kinachobanduka kwa kawaida kina sababu mbili tu: mpira haukusuguliwa kwa msasa hadi ukapoteza mng'ao, au gundi ilifunikwa ikiwa bado mbichi. Kwenye joto la Kalacha dakika tatu zinatosha. Gusa pembeni, kidole kisinate.

Tyubu ya inchi 19 hutaipata huko. Tembea na mbili. Ya nyuma ni rahisi kidogo: tyubu ya boda boda ya 3.00-17 itakusogeza hadi mjini kwa mwendo wa 40, ingawa ni nyembamba kwa tairi hiyo na haifai kuachwa humo. Spana ya ekseli ya mbele na ya nyuma zijaribu kwenye nati za pikipiki yako kabla ya kuondoka. Zile nyepesi zinazokuja na pikipiki huinama.

Chalbi yenyewe, ikiwa kavu, ni sehemu rahisi kuliko mawe yaliyoitangulia. Ganda la chumvi ni gumu na XR inakwenda 60 bila wasiwasi. Hatari ni unyevu ulio chini ya ganda. Fuata alama za magari zilizopauka. Penye rangi ya kahawia iliyoiva au ganda lililopasuka kwa vipande vilivyojikunja, chini kuna tope linalonata kama ugali. Ukihisi mwendo unapungua bila wewe kuachia mafuta, usisimame na usikate kona kali. Geuka kwa upana urudi ulikotoka. Tope hilo hujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele, na likizidi gurudumu linafunga kabisa. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, usiingie bila kuwauliza madereva wa malori pale Maikona, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali milimani inatosha kulijaza bonde ambako hukuona hata wingu. Januari, Februari na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo miezi salama.

Kwenye mchanga laini kati ya Kalacha na North Horr, simama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi, uzito ukiwa nyuma kidogo, na macho yako yatazame mbali. Gia ya pili, mafuta yasiyobadilika. XR haina nguvu ya kukuvuta ukikosea gia, kwa hiyo punguza gia kabla ya kuingia mchanga. Ukikwama, usizungushe gurudumu. Shuka, ilaze pikipiki ubavu, fukia shimo la gurudumu la nyuma kwa mguu, iinue, kisha itembeze ukiwa pembeni huku injini ikisaidia. Kwa kilo 129 inawezekana. Ikilala, funga koki kwanza, petroli isivuje.

Watu utakaokutana nao huko ni Wagabra na Warendille, ukishuka ziwani Waturkana, Wasamburu na Waelmolo. Mpango mzuri wa maji unawahesabu pia. Beba lita nane zako kwa siku, na mbili juu yake za kumpa mchungaji atakayeinua mkono, kwa sababu kijana anayeswaga mbuzi kilomita 20 kutoka kisimani hasimamishi pikipiki kwa mchezo. Simama, vua kofia aone uso, salimia, ndipo uulize njia. Atakueleza kwa usahihi kuliko ramani ya simu ni upande gani umelowa na nani amepita leo. Majani ya chai na sukari ni zawadi zinazopokewa vizuri katika boma lolote litakalokukaribisha. Kisimani kuna zamu za mifugo zilizopangwa na wazee: zima injini mbali, itembeze, omba kwa mtu mzima aliyepo, usiingize mtungi wako kwenye birika la wanyama. Picha ni baada ya ruhusa, na ukikataliwa umekataliwa. Msafara wa ngamia ukiwa njiani, kaa kando upande wa chini ya upepo na injini ikiwa imezimwa mpaka wapite. Ngamia aliyebeba mizigo akishtuka huvunja vyombo vya nyumba nzima.

Kutoka North Horr kupitia kijiji cha Gas kwenda Loiyangalani unaelekea kusini-magharibi, na upepo wa Turkana unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo utakupiga ubavu wa kushoto njia nzima. Ni upepo uleule unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyo kusini mwa Loiyangalani. Una nguvu zaidi usiku na alfajiri, ukipungua mchana. Wepesi wa XR, ambao ni neema mchangani, hapa unageuka mzigo: inasukumwa hatua nzima kando ya alama za magari. Ondoa begi refu la juu, weka mizigo chini, acha nafasi kulia kwako. Na ukiegesha Loiyangalani, elekeza pua upeponi na uweke jiwe bapa chini ya stendi.

Kurudi kuna njia mbili. Ile ya South Horr, Baragoi na Maralal ndiyo nzuri kwa macho, lakini usalama wake hubadilika wiki kwa wiki. Muulize mkuu wa kituo cha polisi Loiyangalani asubuhi ya kuondoka, na akisema hapana, iwe hapana. Nyingine ni barabara pana iliyojengwa kwa ajili ya mitambo ya upepo, kutoka Sarima hadi Laisamis, kama kilomita 200 za murram. Haina mchanga mwingi, ila vijituta vyake mfululizo vinalegeza kila kitu. Kila kilomita 50 gusa nati za keria, za ekzosi na za kibao cha namba, na upitishe spana juu ya spoki: zinazolia kwa sauti nzito kuliko wenzake zimelegea. Shokapu za mbele za XR ni laini na hapa zinagonga mwisho. Kabla ya safari mwombe fundi aweke oili nzito zaidi kwenye shokapu hizo, SAE 15 badala ya 10. Tofauti inaonekana kilomita ya kwanza.

Ukifika Marsabit au Isiolo, kabla ya kitu kingine, osha chumvi ya Chalbi kwa maji baridi mengi, hasa ndani ya madigadi, kwenye spoki, chini ya injini na kwenye viungo vya waya za umeme. Fungua ngoma ya breki ya nyuma, upulize vumbi. Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, ndipo ipakwe oili kidogo na kufutwa nje. Jangwani oili nyingi kwenye cheni inageuka msasa. Badilisha oili ya injini hata kama kilomita hazijatimia. Kichujio cha hewa cha karatasi hakioshwi, kinabadilishwa. Cha sponji kinaoshwa kwa sabuni, kinakaushwa kivulini na kupakwa oili upya.

XR mpya inagharimu zaidi ya mara mbili ya Boxer, na kwa anayekwenda kaskazini mara moja tu hiyo ni pesa nyingi. Zilizotumika hupatikana, nyingi zikitoka kwa mashirika yaliyozitumia mashambani. Zinafaa kama umeangalia mambo manne: inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani, kusiwe na mahali unaponasa katikati, zungusha rimu zote mbili ukiziangalia dhidi ya kijiti, zisiyumbe, washa injini ikiwa baridi kabisa, uangalie moshi wa bluu, na fungua sanduku la kichujio cha hewa. Ukikuta vumbi upande wa ndani, kuelekea kabureta, hiyo injini imekula mchanga. Iache.